Mti wa Ishirini na Saba

Mimi ni mtu wa karatasi. Kwa miaka kumi na minne nimekaa kwenye meza ileile, nikichapa barua za hifadhi ya msitu iliyopakana na jiji letu: matangazo ya kufunga njia, vibali vya wapiga picha, barua za kumkumbusha fulani asije tena na mbwa. Sina mazoea na mambo ya kutisha. Mtu akianza kusimulia habari za mizimu, mimi huaga nikaenda kuosha vyombo. Lakini haya sikuyasikia kwa jirani wa jirani. Yalimpata kaka yangu wa tumbo moja, na nusu yake niliiona mwenyewe, mchana kweupe.

Msitu wenyewe hauna sura ya kutisha hata kidogo. Ukiwa katikati ya miti bado unasikia honi, na ukipanda kilima unayaona maghorofa yote ya mjini. Watu huja wikendi na raba mpya na chupa kubwa za maji. Wengine hutembea hatua mia mbili, wakapiga picha thelathini, wakarudi getini wakihema na kusema leo wamefanya mazoezi. Kuna Njia ya Bluu ya familia, Njia Nyekundu ya wenye mapafu yao, na wakati ule kulikuwa na Njia ya Njano, ndefu lakini tambarare, iliyopita kando ya korongo.

Kaka ndiye aliyezichora alama. Wafanyakazi walimwita Brashi. Kazi yake ilikuwa kupaka kila mti wa njiani mstari wa rangi wenye ukubwa wa kiganja, mbele na nyuma, ili anayeingia aone na anayetoka aone. Njia ya Njano ilikuwa na miti sitini na miwili, naye aliijua yote kwa namba, kuanzia wa kwanza pale getini mpaka wa mwisho kule ndani.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja ambayo hata mfagiaji aliijua. Ukifunga njia na kufuta alama, unaanzia ndani, unamalizia getini. Mbele yako anatangulia mtu wa filimbi. Anapuliza, kisha anaita, “Nani yumo?” Aliyemo lazima ajibu, “Nipo!” Anasubiriwa, anatolewa, ndipo mti unaofuata unafutwa. Kwa namna hiyo hakuna anayeachwa nyuma bila alama. Mwenye filimbi alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Tulimwita Bi Filimbi.

Mama yetu alikuwa na miaka sabini na mmoja na kisukari. Daktari alimwambia atembee kila siku, naye akaichagua Njia ya Njano kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka na njano ndiyo rangi iliyobaki ikimfikia vizuri. Alitembea kwa mwendo wa kusimama kila baada ya mti. Nikimtangulia alinifokea, “We mtoto, daktari kasema nitembee, hakusema nikimbizwe.” Kaka hakuwa ameoa, aliishi naye nyumba moja, dakika kumi kutoka getini, na kwa kumjali alimpa somo ambalo mama alilishika barabara.

“Mama, ukifika mahali huoni alama, usijitafutie njia. Kaa chini palepale. Mimi nitakuja.”

“Na usipokuja?”

“Nitakuja tu, mama. Unadhani nani mwingine anaijua miti hii?”

Mama alicheka, akampiga kibao cha mapenzi begani.

Ilikuwa Jumanne. Ukingo wa korongo ulikuwa umeanza kumeguka, na bosi alitaka Njia ya Njano ifungwe siku hiyohiyo, kwa kuwa saa nne wakaguzi wangekuja kuangalia kama agizo lao limetekelezwa. Bi Filimbi alikuwa Njia ya Bluu na kundi la wanafunzi. Mawingu yalikuwa yameshuka, na rangi mbichi na mvua haviivi chungu kimoja. Dirisha langu linatazama getini. Saa mbili na nusu nilimwona kaka akitoka stoo na kopo la rangi ya kijivu. Akausimamia mti wa kwanza, ule wa getini kabisa, akaufuta. Kisha wa pili. Nikajisemea, leo Brashi ana haraka zake, anataka wageni wakifika wakute mwanzo wa njia umeshafungwa. Nikarudi kwenye kompyuta.

Sikujua kama mama yumo ndani. Kaka naye hakujua. Kwa kawaida mama alitembea jioni, lakini siku hiyo alikuwa na kliniki mchana, kwa hiyo aliwahi. Alipitia mlango wa nyuma, wa wafanyakazi, kama alivyozoea kwa kuwa wanawe ni wafanyakazi, na jina lake halikuandikwa popote.

Saa nne na nusu mvua ilishuka kwa ghadhabu. Kaka alikuwa amefika mti wa ishirini na sita. Akafunika kopo lake, akarudi mbio.

Mama hakufika kliniki wala hakurudi nyumbani. Tulimtafuta siku kumi na moja. Walikuja watu wa uokoaji, wakaja mbwa, wakaja wapanda milima wa kujitolea. Kitu kimoja tu kilionekana. Chini ya mti wa ishirini na saba, pale alama za njano zilipoishia kwa anayetoka, nyasi zilikuwa zimelala, mahali pa ukubwa wa mtu aliyekaa. Hatua mbili kutoka hapo ukingo wote ulikuwa umeporomokea korongoni. Walichimba mpaka mikono ikawatoka malengelenge, hawakupata hata uzi.

Alikaa palepale, kama alivyoambiwa.

Bosi akataka ripoti. Kaka alikuja kusimama mbele ya meza yangu, macho mekundu, ndevu hazijaguswa wiki mbili, akaanza kunisomea sentensi baada ya sentensi. Alipofika kwenye kazi ya siku ile akasema, “Andika: ufutaji ulianzia ndani kuelekea getini, kwa utaratibu uliowekwa.”

Vidole vyangu vilisimama. Nilimtazama. Yeye alikuwa akilitazama dirisha. Hakuna aliyesema neno, na huo ndio ulikuwa uchafu wenyewe, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anajua anachokijua. Nikafikiri, mama ameshakwenda, nikimtaja na huyu ninabaki na nani? Nikachapa. Ripoti ikahitimisha kwamba marehemu aliiacha njia kwa hiari yake. Kosa tukamwandikia mama.

Wiki ya tatu baada ya msako kusitishwa, kaka aliingia ofisini saa nne asubuhi na kufunga mlango nyuma yake.

“Nani kachukua rangi ya njano stoo?” aliniuliza kwa sauti ya chini.

“Si ufunguo unao wewe?”

“Najua ninao mimi.”

Mti wa ishirini na sita, ule aliouacha wa kijivu, ulikuwa umerudi kuwa na alama. Akasema ni wahuni, hawana kazi. Akaifuta. Kesho yake ilikuwepo tena, na ya ishirini na tano ikiwa pamoja nayo. Akazifuta zote mbili. Kesho yake zilikuwa tatu. Sikumwamini sana, maana kaka wakati ule alikuwa halali wala hali, na mtu wa namna hiyo huona mengi. Siku ya nane aliniomba twende wote. Akaniomba kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo kwangu tangu tukiwa watoto, nami nikaogopa hiyo adabu kwanza.

Ilikuwa saa sita mchana. Watu walikuwa wamejaa Njia ya Bluu, wengine wanaimba. Tuliruka kamba iliyofunga njia yetu, tukapita mti baada ya mti, yote ya kijivu. Kaka alikuwa akihesabu kwa kunong’ona. Tulipoupita wa kumi na nane niliugusa kwa mkono kabisa. Kijivu. Tulipofika wa kumi na tisa akanyamaza.

Njano.

Na wa ishirini mbele yake. Na wa ishirini na moja. Zote mpaka kule ndani, zikiwaka kwenye kivuli.

Nilisogea. Haikuwa alama ya kaka. Za kaka zilikaa usawa wa bega lake, na yeye alikuwa mrefu. Hii ilikuwa chini, usawa wa kifua changu. Mama alikuwa ananifika kifuani. Niliinusa, haikunuka rangi. Niliigusa, ilikuwa kavu na baridi sana. Niliweka kiganja changu juu yake, na kiganja changu kikaizidi kidogo pande zote.

“Tazama chini,” kaka alininong’oneza.

Nyasi za chini ya mti zilikuwa zimelala. Za mti wa ishirini pia. Chini ya kila mti wenye njano palikuwa na mahali pa mtu kukaa.

Ndipo nikagundua sisikii honi. Wala wale waliokuwa wakiimba. Kaka alichovya brashi kwenye kopo alilokuja nalo, akaupaka mti wa kumi na tisa kijivu, mara mbili. Tukasubiri. Hakukuwa na kitu. Tukageuka turudi.

Mti wa kumi na nane ulikuwa na njano.

Tulikuwa tumeupita. Mkono wangu bado ulikuwa na vumbi la gome lake. Nikautazama mti huo kuanzia alama kushuka chini, taratibu, nisitake kufika mwisho. Nyasi zilikuwa zinalala. Zilikuwa zinalala wakati ule ule, tunaangalia. Kwanza upande mmoja. Zikatulia. Kisha upande wa pili. Hivyo ndivyo anavyokaa mtu mwenye magoti mabovu.

Sitaki kujisifu. Nilikimbia, na kaka alikimbia, na sikumsubiri wala yeye hakunisubiri.

Tulikutana jikoni kwa wafanyakazi, tukiwa tumelowa jasho. Nilipopata pumzi nikasema, “Kaka, anakuja nyumbani.”

“Usiseme hivyo.”

“Anasogea mti mmoja kila siku. Wewe unafuta, yeye anaanza upya na bado anasogea. Usifute tena.”

“Nisipofuta atafika.”

“Si ndiyo tunachotaka? Akifika kuna nini?”

Birika la umeme lilichemka, likazimika lenyewe.

“Ataniuliza,” kaka alisema. “Ataniuliza kwa nini nilianzia getini.”

Kisha akalia. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia vile, kwa mdomo wazi, bila kujificha. Akaeleza yote: mawingu, wakaguzi, uvivu wa kutembea miti sitini na miwili kwenda ndani ndipo aanze. Alieleza alivyosimama kwenye mti wa ishirini na sita mvua ikianza, akasikia kama mtu anakohoa huko mbele, akasema ni nyani. Hilo la kukohoa hakuwa amemwambia mtu yeyote duniani.

“Nilikuona,” nikamwambia. “Nilikuwa dirishani. Nilikuona unaanzia mti wa kwanza.”

Alinyanyua uso. “Na ukachapa?”

“Nikachapa.”

Tulikaa pale tukitazamana. Nilimchukia kidogo, nikajichukia zaidi, na juu ya hayo yote nilimtamani mama yangu mpaka kifua kikauma.

Bi Filimbi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Hakuwa na utani siku hiyo. Alivuta kiti akakaa, akaivua filimbi shingoni na kuiweka mezani.

“Mimi nilidhani nimepata wazimu,” alisema kwa kunong’ona, yeye ambaye hajui kunong’ona. “Kila jioni nikifunga, nikipita karibu na kamba yenu, napuliza, naita nani yumo. Kuna mtu anajibu.”

“Anasemaje?” kaka aliuliza.

“Anasema, nipo. Mwanzo ilikuwa mbali. Jana ilikuwa karibu.” Akafuta jasho la shingoni. “Ni yeye. Sauti yake naijua, alikuwa akinitania kila siku kuhusu unene wangu. Baba, nenda kamtoe mama yako. Kamtoe kwa utaratibu, kama tunavyotoa watu.”

Siku iliyofuata kaka alikwenda na kopo la njano, arudishe alama alizozifuta. Alizunguka kwa barabara ya nje, akaingia msituni kutoka upande wa ndani kabisa, mti wa sitini na mbili, ili aanzie pale anapotakiwa kuanzia. Aliondoka saa tano asubuhi. Mimi na Bi Filimbi tulisimama getini, nje ya kamba. Nilimwuliza Bi Filimbi kama kwa sheria hakupaswa kutangulia mbele ya kaka.

“Sheria naijua,” alisema. “Leo itanisamehe. Siendi mbele ya mama yule wala nyuma yake.”

Saa sita ikapita. Saa saba. Ukungu ulianza kushuka kutoka kilimani, jambo la kawaida kwa msimu ule, lakini siku hiyo ulishuka kwenye Njia ya Njano peke yake. Upande wa Bluu watoto walikuwa wanacheza juani. Saa nane Bi Filimbi akapuliza.

“Nani yumo?”

Kimya.

Akasubiri, akapuliza tena. Mate yalikuwa yamemkauka, filimbi ikatoa sauti ya kukwaruza.

“Nani yumo?”

Kutoka mbali, ndani ya ukungu, ikaja sauti ya kaka. Ilikuwa imetulia.

“Tupo!”

Bi Filimbi aliitoa filimbi mdomoni. Alinishika mkono, akanibana mpaka nikaumia. Hakuuliza yupo na nani.

Ilichukua saa nzima zaidi. Tulisikia kopo likigonga mti, kimya kirefu, kopo likigonga mti mwingine. Kimya kirefu. Kila kimya kilikuwa na urefu wa mtu kupumzika. Kisha nikamwona. Alikuwa akitembea pole sana, hatua, anasimama, hatua. Kopo na brashi vyote vilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliukunja na kuutoa kando kidogo, kama unavyompa mtu mzima auegemee. Hapakuwa na mtu.

Alipofika mti wa kwanza nikaliona shati lake. Kitambaa cha mkono wa kulia kilikuwa kimebonyea juu ya kiwiko. Kilibonyea mahali panne upande mmoja, na mahali pamoja upande wa pili.

“Msiongee kwa sauti,” kaka alinong’ona. “Amechoka.”

Bi Filimbi aliishusha kamba mpaka chini kabisa, isimkwaze mtu. Alikuwa anatiririkwa na machozi na hakuyafuta.

Njia ya kwenda nyumbani ya dakika kumi ilituchukua saa moja. Kaka alisimama mara nyingi. Alisimama kwenye kiti cha kituo cha basi, akasimama kwenye ngazi za duka la dawa, na mara moja akageuka upande wa kulia na kutabasamu, kama ameambiwa jambo. Watu walitupita wakatuona ni ndugu wawili wanaotembea polepole. Mimi nilitembea nyuma. Sikuthubutu kutembea upande ule.

Nyumbani nilifungua milango yote miwili ya mbele. Kaka aliingia, akaelekea kwenye kochi la mama, akainama taratibu kama anayemkalisha mtu, akabaki ameinama. Baadaye akavuta stuli kwa mguu akakaa kando, mkono bado umenyooka kwenye kochi.

“Haniachii,” alisema.

“Mwambie umefika. Mwambie yuko nyumbani.”

“Nimemwambia.”

Alikaa hivyo mpaka asubuhi. Mimi nilijikunyata kwenye mkeka na sikufumba macho. Alfajiri ilipopambazuka kitambaa kilinyooka chenyewe. Kaka akakunja mkono wa shati. Juu ya kiwiko palikuwa na alama za vidole, nne upande mmoja, moja upande wa pili, ndogo, za mkono wa mwanamke. Niliigusa ngozi ile. Ilikuwa baridi sana.

Jumatatu yake nilichapa ripoti ya pili, iliyosema kweli, na kaka akaitia sahihi. Alifukuzwa kazi, akaenda kupaka rangi nyumba za watu. Ile ripoti ilimtaja yeye. Haikumtaja aliyekuwa dirishani. Aliniambia niache jina langu pembeni, kwamba mmoja anatosha, nami nikakubali haraka kuliko inavyostahili.

Zile alama hazikufutika. Mwaka ukapita, ikapita miaka sita. Daktari mmoja alizikagua akasema, huyu mtu ameshikwa leo, tena kwa nguvu. Mwaka uliofuata daktari mwingine akasema hivyohivyo. Ndugu walitaka apelekwe kwa wataalamu wa mambo hayo, akakataa katakata. “Mwacheni anishike,” alisema. “Nilimwacha mara moja.” Nilipokwenda kumsalimu nilimkuta ameketi kwenye ile stuli, anaongea habari za siku nzima, nyumba aliyopaka, mwenye nyumba mkorofi, na mimi nikajifunza kusubiri amalize.

Siku moja nikapiga moyo konde. “Kaka, alikuuliza?”

Alijua ninachokisema.

“Hakuniuliza,” alijibu. “Njia nzima, kutoka mti wa ishirini na saba mpaka hapa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu yangu yote. Alisema neno moja tu. Alisema, nilijua utakuja.”

Akainamisha kichwa. “Bora angeniuliza.”

Kaka alifariki mwaka jana, kwa ugonjwa wa kawaida wa kifua, hospitalini, bila kishindo. Watu walioosha mwili wake niliwauliza kuhusu mkono wa kulia, nikijifanya nauliza tu. Walisema mkono ni safi, hauna hata kovu. Niliwashukuru. Nilirudi nyumbani baada ya maziko nikiwa na amani niliyokuwa nimeisahau, nikasema basi, mama amemwachia, wamekwenda wote wawili, sasa wanapumzika. Nililala usingizi mzito.

Asubuhi nilikunja mikono ya gauni nioshe vyombo vya wageni.

Nne upande mmoja. Moja upande wa pili. Kidole kile kidogo kimepinda kidogo, kama kilivyokuwa cha mama.

Ni mwaka sasa. Ninakwenda kazini, ninachapa barua zangu, nimevaa mikono mirefu hata kukiwa na jua kali. Sijasikia sauti wala hatua. Haniulizi kitu. Mwezi uliopita nilichoka kungoja. Nilikaa jikoni kabla ya kwenda kazini, nikafunga mlango, nikamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikasema, mama, siku ile nilikuwa dirishani. Nilimwona anaanzia getini. Niliona, nikanyamaza, kisha nikachapa kwamba kosa ni lako.

Vidole vikakaza kidogo. Havijalegea tangu siku hiyo, na mpaka sasa sijui kama ni msamaha au la.